Miaka Ishirini na Sita ya Kiingereza

Tegid Bebb alichora simba watano katika maisha yake, na hakuna hata mmoja aliyefanana na simba. Wa kwanza alikuwa na uso wa mbwa wa jirani, na wa mwisho alitazama chini barabarani kwa macho ya diwani mmoja ambaye Tegid hakumpenda. Watu wa Trefaenor hawakulalamika. Mji wetu mdogo wa Wales haujawahi kumwona simba, na baa ya Simba Mweusi ingeitwa hivyo hivyo hata kama kibao chake kingechorwa kiazi.

Kazi ya kuchora vibao aliirithi kwa baba yake. Enzi za mzee huyo Trefaenor ilikuwa na baa kumi na moja kwa watu elfu mbili, na makanisa sita ya kuzipinga, na zote kumi na saba zilijaa. Tegid aliposhika ngazi na brashi zilikuwa zimebaki baa nane. Kila baada ya miaka michache alivishusha vibao vyake, akavikwangua na kuvipaka upya: Viatu Vitatu vya Farasi, ambako wafugaji walikunywa na mabuti yao ya matope, Manyoya, ambako mawakili walikunywa bila kuvua koti, na nyingine ambazo leo ni saluni za nywele. Vibao vikiadimika, alitia rangi ya dhahabu kwenye maandishi ya makaburi. "Wateja wangu ni wale wale," alikuwa akisema. "Kwanza nawaandikia pa kuingia, baadaye nawaandikia pa kulala."

Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye haya. Aliishi na mama yake mpaka mama akafa, akabaki kwenye nyumba ile ile na sahani zile zile. Kanisani aliimba sauti ya chini kabisa, ile ambayo hakuna anayeisikia mpaka siku ikikosekana. Mambo yote mazito ya maisha yake, sala, misiba, ugomvi wa shamba la mjomba wake, yalipita kwa Kiwelisi. Kiingereza alikuwa nacho cha shule na cha redio, na alikitumia kwa mambo mawili: kutaja bei ya kazi kwa wageni, na kufanya mzaha. Mzaha wake wa Kiingereza ulikuwa mzuri kweli. Kwa lugha isiyo ya mama yako maneno hayana uzito, na kisicho na uzito hurushwa kirahisi.

Mwaka elfu moja mia tisa sabini na moja Simba Mweusi ilipata wapangaji wapya wa kuiendesha, Ron na Eirlys Vaughan. Habari ziliwatangulia, kama kawaida ya habari: ni watu wa Wolverhampton, Waingereza. Kibao kilikuwa kimebabuka, kwa hiyo Tegid akavaa tai, akabeba mkoba wa ngozi wa baba yake, na njia nzima akawa anajizoeza Kiingereza chini kwa chini.

Alimkuta Eirlys peke yake, anafuta glasi. Naye alipoona tai na mkoba, akajua huyu ni mtu wa kodi.

"Habari za asubuhi, Bibi," Tegid akasema kwa Kiingereza. "Naitwa Bebb. Nimekuja kwa sababu ya simba."

"Amefanya nini?" Eirlys akauliza, kwa Kiingereza pia.

"Amezeeka, Bibi. Manyoya yanamtoka."

"Basi mkae pamoja mshauriane," akasema Eirlys, maana Tegid, akiwa na miaka thelathini na minne, alishaanza kupata upara.

Wakacheka, na kucheka kwao kulikuwa kwa Kiingereza. Ndipo jambo lilipoharibika, ingawa kwa wakati ule hakuna aliyeona kasoro.

Wiki tatu baadaye Tegid aliingia kwa mlango wa nyuma, kopo la rangi nyeusi mkononi, akasikia sauti ya mwanamke kutoka sebuleni. "Shuka kwenye kochi hilo, mnyama uliyelaaniwa, kabla sijakuvua ngozi hiyo nikaitandika mlangoni!" Alikuwa Eirlys, akimgombeza mbwa wao, kwa Kiwelisi safi cha milima ya kaskazini, Kiwelisi ambacho mtu hajifunzi bali hunyonya. Tegid akasimama ukumbini na kopo lake. Hapo mtu wa mahali pengine angeingia na kusema, kumbe mwenzangu! Tegid alikohoa, akaingia, akasema kwa Kiingereza kwamba kuna baridi.

"Kali sana, Bwana Bebb," akajibu Eirlys kwa Kiingereza. Mbwa akawatazama wote wawili.

Usimcheke. Kwetu, lugha mliyosalimiana nayo siku ya kwanza ndiyo hiyo mpaka mmoja amzike mwenzake. Hefin wa posta na mkewe walikutana kwenye dansi mji mwingine, kila mmoja akamdhania mwenzake Mwingereza. Wana watoto wanne, watoto wanaongea Kiwelisi na baba, wanaongea Kiwelisi na mama, na baba na mama wanaombana chumvi kwa Kiingereza. Hakuna aliyekatazwa kubadili. Ni aibu tu, ile ya kuonekana bila nguo na mtu aliyekuzoea umevaa.

Kwa hiyo ikawa hivyo pale Simba Mweusi. Wanaume sita wamekaa kaunta wanazozana juu ya bei ya kondoo kwa Kiwelisi, Eirlys anawajibu kwa Kiwelisi, anamfikia Tegid anasema Kiingereza, Tegid anamjibu, anageuka kwa jirani yake na Kiwelisi kinaendelea pale kilipoachwa. Mgeni mmoja wa kiangazi aliwahi kuuliza kama yule mrefu wa pembeni ni Mwingereza. Tuliona swali lake ni la ajabu.

Ron alikufa mwaka wa tano, moyo, akipandisha kreti za bia kutoka ghalani. Alikuwa mtu mwema na hakujifunza neno la Kiwelisi zaidi ya lile la kutakiana afya kabla ya kunywa. Baada ya msiba Tegid akawa anakuja kila jioni, saa kumi na mbili mpaka saa mbili, painti mbili za bia, kiti cha mwisho karibu na mlango wa jikoni. Alirekebisha bawaba zilizolegea. Alibeba makaa. Eirlys naye alizoea kumwekea kando yai lililolowekwa kwenye siki katika siku za mnada wa mifugo, siku ambazo baa hufunguliwa mchana kutwa na mayai huisha kabla ya saa saba. Waliitana Bwana Bebb na Bi. Vaughan. Jioni ambazo Tegid alikuwa na mafua hakuja, na Eirlys alikuwa mkali kwa wateja bila sababu.

Tegid alimpenda. Hilo halihitaji kufichwa, maana mji mzima ulijua, na yeye mwenyewe alijua tangu mwaka wa sabini na nane. Alitaka kumuoa. Kilichomshinda ni kumwambia.

Alijaribu mara moja, Januari ya theluji kubwa, mwaka wa themanini na mbili. Barabara zilifungwa siku tatu, na Tegid akakwama Simba Mweusi pamoja na wafugaji wanne na dereva wa lori la maziwa. Siku ya pili, asubuhi, wengine wakiwa wanafukua mlango kwa sepetu, yeye na Eirlys walibaki jikoni wakimenya viazi vya mchuzi wa kondoo. Tegid akaona saa imefika. Akapiga moyo konde, akafungua mdomo, akatafuta maneno ya Kiingereza ya jambo lile, na akayakuta yote ni ya redio. Neno lenyewe la kupenda, kwa Kiingereza, alilijua kama neno ambalo mwanamke wa duka la samaki humwitia kila mteja, hata mbwa wa mteja.

"Bi. Vaughan," akasema.

"Ndiyo, Bwana Bebb?"

"Viazi vyako ni vizuri sana."

"Asante," akasema Eirlys. Akangoja kidogo, kisu mkono mmoja na kiazi mkono mwingine, kama mtu anayedhani sentensi haijaisha. Kisha akaendelea kumenya.

Tangu siku hiyo Tegid alikata shauri kwamba jambo lile litasemwa kwa Kiwelisi au halitasemwa. Lakini ili amwambie kwa Kiwelisi, ilibidi kwanza aanze kuongea naye Kiwelisi. Milima miwili basi, na yeye alikuwa hajaupanda hata ule mdogo. Akaona asubiri nafasi nzuri. Miaka kumi na mitano ikapita. Katika muda huo Viatu Vitatu vya Farasi ilifungwa, Manyoya ikageuzwa hoteli ya harusi, na kila mara Tegid ndiye aliyeitwa na ngazi yake.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba, kampuni ya bia, yenye jengo lile, ikamwandikia Eirlys kwamba inaiuza Simba Mweusi, na kwamba mnunuzi hana haja ya baa. Alipewa wiki sita. Dada yake alikuwa na nyumba Llandudno, kando ya bahari, na chumba kitupu. Eirlys akasema ataondoka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu. Alikuwa na miaka sitini na miwili, akasema miguu yake imechoka na ngazi za ghalani, na hakusema zaidi.

Gwyndaf Lewis, mpiga mnada wa ng'ombe, ndiye aliyemkamata Tegid nje ya benki Jumanne ya wiki ile ya mwisho. Walisoma pamoja tangu utoto, na Gwyndaf ana sauti ya kuuzia ng'ombe ishirini bila kipaza sauti.

"Sasa?" akasema.

"Sasa nini?"

"Usinifanye mjinga, Tegid. Siku nne. Umemwambia?"

"Bado. Naangalia."

"Unaangalia! Ngoja ngoja huumiza matumbo, bwana."

"Simba mwenda pole ndiye mla nyama," Tegid akajitetea.

"Huyu simba wako ameenda pole mpaka kondoo amefungasha virago anahamia Llandudno. Sikiliza. Kesho ni mnada. Baa itajaa, kila mtu anapiga kelele, hakuna atakayekusikiliza. Agiza bia kwa Kiwelisi. Bia tu! Mtu haagizi bia akafa. Akishakujibu, mlango umefunguka, unaingia."

"Akishtuka je?"

"Amefukuza walevi kwa miaka ishirini na sita. Ataweza kuvumilia salamu yako."

Tegid hakulala vizuri. Jumatano saa sita mchana alikuwa kaunta, amezungukwa na makoti yanayonuka mvua na kondoo, Gwyndaf nyuma yake kama askari wa kumzuia asikimbie. Alikuwa ameikariri sentensi yake tangu alfajiri. Eirlys akaja upande wao, kitambaa begani, glasi tatu mkononi.

"Nipe painti moja," Tegid akasema kwa Kiwelisi, kwa sauti, wazi kabisa. "Na nina neno nataka kukuambia."

Eirlys alisikia kila kitu. Lakini kilikuwa Kiwelisi na kilitoka kwa Tegid, kwa hiyo alijua hakikuwa chake. Akatazama juu ya bega la Tegid kuona anaambiwa nani, akamwona Gwyndaf.

"Gwyndaf, umesikia?" akasema kwa Kiwelisi. "Anataka umnunulie. Na ana neno lako." Kisha akamgeukia Tegid, uso ukalainika, akarudi kwenye Kiingereza. "Ya kawaida, Bwana Bebb?"

"Ya kawaida, Bi. Vaughan," akasema kwa Kiingereza. "Asante."

Gwyndaf alilipia bia ile akiwa ameinamisha kichwa kwenye kaunta, mabega yanatikisika. Alipoweza kusema alisema, "Miaka thelathini nauza ng'ombe, sijaona ng'ombe aliyejiuza mwenyewe akanunuliwa na mtu mwingine."

"Nyamaza."

"Mrudie! Mwite jina!"

"Nimesema nyamaza, Gwyndaf." Na kwa mara ya kwanza katika urafiki wao Gwyndaf alinyamaza, kwa sababu alimwona usoni. Tegid alikunywa painti yake mpaka mwisho kama mtu anayekunywa dawa, akaenda nyumbani. Jioni ile kiti cha karibu na mlango wa jikoni kilikaliwa na mtu mwingine.

Alhamisi hakuenda kabisa. Alikaa na kujiambia kwamba jambo limekwisha na kwamba ni afadhali. Lakini kampuni ya bia ilikuwa imemtuma kukishusha kibao kabla ya Jumamosi, na kazi ni kazi. Ijumaa asubuhi, saa tatu, akaegemeza ngazi ukutani pa Simba Mweusi. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita na mawe ya barabara yaliteleza. Upepo ulikuwapo. Eirlys akatoka na aproni yake, amejifunga kitambaa kichwani kwa vumbi la kufunga masanduku.

"Leo si siku ya kupanda, Bwana Bebb."

"Ni boliti nne tu, Bi. Vaughan."

"Basi nitashika ngazi."

Akapanda. Boliti tatu zilitoka bila matata. Ya nne ilikuwa na kutu ya miaka, akaivuta spana kwa mikono miwili, na hapo upepo ukakishika kibao kikapiga ngazi. Ngazi ikateleza kwenye jiwe. Ilikuwa kama inchi mbili tu, lakini ukiwa juu inchi mbili ni safari.

"Shika, Eirlys! Mama yangu, shika!" Tegid akapiga kelele. Kiwelisi. Mtu anayeanguka hachagui.

"Nimeshika! Teremka, we mzee mpumbavu, utaniua kwa hofu!" Kiwelisi, chenye ile milima yake yote.

Akateremka. Kibao kilibaki kikining'inia kwenye boliti moja. Walisimama kwenye mawe yenye maji, mikono ya Eirlys bado imekamata ngazi isiyo na mtu, na wote wawili walikuwa wamesikia kilichotokea.

"Umeumia?" Eirlys akauliza. Kwa Kiwelisi bado.

"Sikuumia."

Sauti ya Eirlys ilikuwa tofauti. Kwa Kiingereza Eirlys alikuwa na sauti iliyopanda mwishoni, kama inayotaka kucheka. Hii ilikuwa ya chini, ya haraka, na ilimzeesha usoni. Tegid aliisikiliza kama mtu anayeingizwa chumba cha ndani cha nyumba aliyoitembelea miaka mingi. Akaona mlango uko wazi na akajua hautafunguka tena, na kwa hiyo yule mtu mwenye haya akasema yote kwa mkupuo mmoja. Alisema amempenda tangu mwaka wa sabini na nane. Alisema kuhusu theluji, na viazi, na painti ya juzi. Alimwambia habari za mama yake na nyumba yenye sahani za mtu mmoja. Alisema hakuwahi kuwa na mahali pengine pa kwenda jioni kwa sababu hakupataka pengine. "Nilitaka kukuambia kwa lugha ninayosali kwayo," akasema, "ili ujue sifanyi mzaha. Uwe mke wangu, Eirlys." Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kusema, na yalitoka yamepangika kama sala.

Eirlys aliiachia ngazi. Akakunja mikono.

"Unaongea kama baba yangu," akasema.

Tegid hakujua kama hiyo ni sifa.

"Baba alikuwa mzee wa kanisa," Eirlys akaendelea. "Alikuwa na maneno kama hayo yako. Watu walikuja kutoka mabonde matatu kumsikia akiomba. Alituombea sisi watoto mpaka machozi yanamtoka, kisha anavua mkanda. Kila usiku, Tegid, maneno kwanza, halafu mkanda. Nilipofika miaka kumi na minane nikapanda treni, na Wolverhampton nikamtafuta mwanamume asiyejua neno moja la Kiwelisi. Nikampata. Na sikukosea."

"Lakini unaongea Kiwelisi na kila mtu humo ndani."

"Naongea Kiwelisi cha kuuzia bia. Na cha kumgombeza mbwa. Wewe nilikuwekea Kiingereza, kile nilichopumzikia." Alisema kwa ukali, kama anayedai haki yake. "Ulidhani sikujua? Wiki ya kwanza tu nilikujua, ulikuwa unaimba juu ya ngazi. Nikajiambia, huyu simgusi, huyu aniache hapa hapa kwenye Kiingereza. Huyu ananichekesha."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Ulikuwa unaniuliza?" Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mwaka ule wa theluji nilisimama na kisu na kiazi nikakungoja. Ukaniambia viazi ni vizuri."

"Kwa Kiingereza mambo haya sijui kuyasema," akasema Tegid. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hasira, kwamba miaka kumi na mitano ameuzunguka mlima ambao haukuwapo.

"Najua hujui," akasema Eirlys. "Ndiyo maana ningekuamini."

Lori la mkate likaja, wakasubiri lipite. Eirlys akatazama juu kwenye kibao kinachoning'inia, akamtazama Tegid, akavuta pumzi, na Tegid akaona uso ukirudi kuwa ule anaoujua, kidogo kidogo, mpaka pembe za mdomo.

"Kama una swali, Bwana Bebb," akasema kwa Kiingereza, "mimi nasikiliza."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko ngazi. Alichokuwa nacho cha kweli kilikuwa kimekwisha kusemwa na hakikufaa. Akavua kofia, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Bi. Vaughan," akasema, Kiingereza chake kikichechemea kuliko siku zote, "ningependa kuuliza, kama haitakusumbua, kama ungeweza kufikiria suala la kuolewa."

"Na nani?"

"Na mimi. Kama hakuna mtu mwingine aliyetoa bei nzuri zaidi."

Eirlys akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na machozi yakamtoka, na mama mmoja aliyekuwa anavuka barabara alituambia baadaye kwamba alidhani wametoka msibani.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, Bwana Bebb. Nakubali."

Walioana mwezi wa tano mbele ya msajili, kanisa halikuhusishwa. Waliishi Llandudno miaka kumi na miwili, orofa ya kwanza, karibu na dada mtu. Gwyndaf aliyewatembelea kila kiangazi anasema ilikuwa nyumba ya kucheka kutwa, na mimi sina sababu ya kumbishia. Tegid alijifunza maneno ya Kiingereza ya mambo mengi: ya kuumwa, ya kuomba radhi, ya kumwambia mke wake usiku mwema. Alikuwa na furaha, na alisema hivyo kwa yeyote aliyemuuliza. Ila yule mwanamke wa Ijumaa ile, Eirlys wa Kiwelisi, mwenye sauti ya chini na mkanda wa baba yake, aliyezungumza naye kwa muda wa robo saa chini ya ngazi, hakuzungumza naye tena. Tegid hakumwambia mtu, isipokuwa Gwyndaf, mara moja, ufukweni, kwamba alimpenda huyo pia, na kwamba kila siku alikuwa na hamu ya kumsikia tena.